Kitabu cha Kufungia Karanga

Karanga zikikaangwa mpaka ganda likaanza kuungua kidogo, mimi nasikia bahari. Najua mtanicheka. Nililelewa Tunduma, mpakani, ambako kinachonguruma mchana kutwa ni malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia, na bahari ya kwanza kuijua ilikuwa inanukia karanga. Juzi hapa stendi ya Vwawa mama mmoja alinipimia karanga kwenye karatasi ya daftari, nikasimama palepale kama niliyesahau nilikokuwa nakwenda, mpaka konda akanipigia kelele. Nikasema, hapana, habari ya babu yangu na kapteni wake niiandike kabla sijazeeka nikaanza kuipamba.

Babu mzaa baba alikuwa Mndali wa Ileje, mtu wa milimani kabisa, wa migomba, kahawa na ukungu. Vita Kuu ya Pili ikamzoa yeye na rafiki yake wa damu, Mwasile, wote vijana. Wenzao walipewa bunduki. Wao walifikishwa Mombasa wakapewa makoleo, wakashushwa tumboni mwa meli moja kuukuu ya kivita iliyokuwa bado inakula makaa. Kazi yao ilikuwa kuilisha. Babu alikuwa anasema aliishi baharini karibu miaka miwili na bahari yenyewe aliiona Jumapili tu.

Alipozeeka baba alimleta kwetu Tunduma, na sisi wajukuu tukawa wanajeshi wake. Siku moja nilimuuliza bahari ikoje. Akachukua beseni la kuogea, akamimina maji, akamwaga humo chumvi ya Ivuna ambayo mama alikuwa ameinunua asubuhi ileile, akakoroga kwa mkono. "Onja," akasema. Nikaonja, nikatema. "Sasa fikiria beseni hili halina ukingo." Mama alipokuta chumvi yake imekuwa bahari hakusema kitu mbele ya mkwewe, ila jikoni sufuria zilisema zote.

Mimi alikuwa ananiita mchumba, kama babu yeyote anavyomwita mjukuu wake wa kike, na kwa uchumba huo nilijiona nina haki ya kumuuliza chochote. Kitu kimoja tu hakutaka kuulizwa: Mwasile alikufaje. Kwamba meli iliwaka moto, alisema. Kwamba Mwasile hakutoka, alisema. Hapo husimama, akatafuta kofia yake, akaenda kuangalia malori.

Sasa mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye uzito. Kwetu msiba hauishi mpaka mtu asimame mbele za watu asome historia ya marehemu: alizaliwa wapi, aliumwa nini, nani alikuwa naye dakika za mwisho. Bila hiyo mnakula chakula cha matanga na msiba unabaki pale pale. Mwasile hakuwa nayo. Babu aliporudi kutoka vitani aliwaambia ndugu zake Mwasile neno moja tu, "Sikuona," na nyumba ile ikakaa na msiba mbichi miaka hamsini. Waliobaki walikuwa wachache, na mkubwa wao ni Bibi Tusekile, dada yake Mwasile. Kila mavuno alimtumia Babu maharage kwa gari la Isongole, na aliyeyaleta alikuwa na ujumbe uleule: Bibi anauliza, hujakumbuka kitu? Mwaka ninaousimulia, ujumbe ulikuja na nyongeza. Bibi anaumwa miguu na kifua, anasema asingependa kumfuata kaka yake bila kujua anakwenda kumwambia nini.

Babu alikula maharage yale yote, kijiko baada ya kijiko.

Mwezi huohuo ndipo kitabu kilipotokea. Mama Bwalya alikuwa anatoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kila siku na beseni la karanga kichwani, na karatasi za kufungia alizitoa kwenye vitabu vya Kiingereza vilivyokuja na marobota ya mitumba. Babu alikuwa mteja wake. Siku hiyo Mama Bwalya alipokishika kitabu achane ukurasa, Babu alimdaka mkono. Kusoma Babu hakujua, isipokuwa jina lake na jina moja la Kizungu, lile lililokuwa limeandikwa kwa rangi nyeupe juu ya mlango wa chumba cha kapteni wake. Jina lile lilikuwa kwenye jalada la nyuma la kitabu cha karanga.

"Mama, usichane! Huyu namjua!"

"Mukwai bashikulu, ni karatasi tu," Mama Bwalya akasema, akimwita babu kwa Kibemba cha heshima, akicheka. Lakini alimwachia. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimeshaondoka zamani, zimefunga karanga za madereva, huenda zilikwishafika Lusaka.

Ndipo nikawa mtu muhimu pale nyumbani. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nasoma shule ya upande wa Zambia kwa sababu baba aliamini Kiingereza cha kule, na kila asubuhi nilivuka mpaka kwa miguu nikiwa na mkate mfukoni. Nikirudi jioni Babu alishakaa kibarazani, kiti kimoja chake, kimoja changu, kitabu kimefunikwa kwa leso asije kuku akakikanyaga. Nilisoma mstari kwa Kiingereza, nikamgeuzia kwa Kiswahili. Kitabu kilinukia karanga na ukungu wa karatasi, na mpaka leo sijui kutenganisha mizinga ya vita na harufu hiyo.

Ilikuwa raha, nisiwadanganye. Kapteni wa kitabuni alikuwa mrefu, kiko cha tumbaku mdomoni, anatoa hotuba huku mabomu yanadondoka kushoto na kulia. Babu alikuwa anamkatisha. "Hotuba? Yule? Yule alikuwa anatapika! Kila bahari ikichafuka, ndoo, na ndoo anamwaga Mwasile." Nikasoma kwamba kapteni alikesha akitazama nyota. "Alikesha, ndiyo, na ndoo." Tulicheka mpaka baba akatoka ndani kuuliza kuna nini. Lakini Babu hakumdharau. Alisema mtu anayetapika kila siku na bado kesho anapanda juu kushika kazi yake, huyo ndiye mwanaume, na kitabu kimemwibia sifa yake kwa kumpa kiko.

Kila jioni kabla sijafunga aliuliza swali lilelile: "Bado hawajashuka kwetu chini?"

Bado, Babu. Kurasa zikaenda. Wakubwa walikula, waligombana, waliandikia barua wake zao. Moto ukaja, sura nzima ya moto, kapteni amesimama katikati ya moshi. Nilikuwa nimeshasoma mbele darasani, kitabu kikiwa chini ya dawati, kwa hiyo nilijua. Chini hawakushuka. Makaa yalijitia yenyewe katika kitabu kile. Hakukuwa na Mwasile, hakukuwa na Babu, hakukuwa na mtu mweusi hata mmoja.

Jioni ile Babu alivaa koti. Alijua tumefika kwenye moto. Nikamtazama, mzee wa watu, amechomekea na kofia ameishika magotini, nikashindwa. Nikafungua kitabu, nikakodolea macho maneno yasiyohusika, nikaanza kusoma kutoka kichwani mwangu. Nikasema moto ulianzia kwenye makaa. Nikasema kijana mmoja kutoka Tanganyika, jina lake Mwasile, aliona meli itateketea na watu wote, akauvuta mlango wa chuma akaufunga kwa mikono yake mwenyewe, yeye akiwa ndani. Nikasema kapteni alivua kofia akalia. Uongo ulinitoka mtamu kama uji wa karanga, hata mimi mwenyewe nikatokwa na machozi.

Babu hakulia. Aliizungusha kofia magotini. Kisha akauliza polepole, "Imeandikwa hivyo? Kwamba alifunga mwenyewe?"

"Ndiyo, Babu."

"Yeye mwenyewe."

"Imeandikwa."

Alinyanyuka akaingia ndani, na kesho yake hakutaka kusomewa. Nilidhani nimemfurahisha mno. Lakini baba alikuwa amesikia yote dirishani, na baba yangu jambo jema hakuweza kulikalia. Ndani ya wiki habari ilikuwa imefika Ileje: Mwasile yumo kwenye kitabu cha Wazungu! Bibi Tusekile akatuma watu. Siku ikapangwa, msiba umalizwe, msalaba uchongwe, na yule mtoto aje na kitabu asome historia ya marehemu.

Jamani, siku tatu sikulala. Nilitamani niumwe malaria. Nilitamani kitabu kiliwe na mchwa. Babu naye alikuwa amekonda ghafla, hali chakula, hapigi soga, na mara mbili nilimkuta amekishika kile kitabu kichwa chini miguu juu, anapapasa kurasa kwa kidole kama anayetafuta kitu gizani. Nilidhani ananishuku. Kumwambia ukweli nikaogopa.

Tulipanda na pikapu hadi kijijini kwao. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea, turubai limefungwa kwenye migomba, kwaya ya kanisa imepanga mistari, wafiwa wamekaa kwenye mkeka wao mbele, na katikati yao Bibi Tusekile, mdogo, mkavu, kitenge kipya, miguu imevimba. Mchungaji akaniita. Nikasimama na kitabu kisicho na mwanzo, mikono inatetemeka, nikaanza: moto ulianzia kwenye makaa. Nikafika kwenye mlango. Nikasema, Mwasile akauvuta mlango akau—

Mkono wa Babu ukatua juu ya ukurasa. Alikuwa amekuja mpaka mbele bila mimi kumwona. Alinitoa kitabu mikononi taratibu, akakifunga, akawageukia watu.

"Mtoto amesoma vizuri," alisema. "Lakini aliyeandika hakuwepo chini. Mimi nilikuwepo. Mlango niliufunga mimi."

Babu akasimulia akiwa amesimama wima kijeshi. Amri ya kapteni ilishuka kwenye bomba la kusemea: funga. Yeye alikuwa upande wa nje, Mwasile alikuwa amerudi ndani kumvuta mwenzao aliyeanguka. Akalizungusha gurudumu la mlango. Mwasile akaufikia. Akagonga kwa koleo mara tatu.

"Nilimsikia. Nikaendelea kufunga."

Nilimtazama Bibi Tusekile, nikiogopa atakachokifanya. Akauliza tu, "Meli ilizama?"

"Haikuzama, dada."

"Mlipona wangapi?"

"Karibu arobaini."

"Na alikuwa amerudi kumtoa mwenzake."

"Alikuwa amerudi kumtoa mwenzake."

Bibi akatikisa kichwa mara nyingi, machozi yanamdondoka bila kelele. Kisha akasogea. Akasogea na miguu yake ile iliyovimba, akaacha nafasi kwenye mkeka wa wafiwa, akaipiga kwa kiganja. "Njoo ukae hapa," akamwambia. "Miaka yote hii na wewe ni mfiwa, kumbe ulikuwa umejificha tu." Babu alipokaa ndipo kilio kikalipuka, kilio chenyewe, cha kina mama na cha wanaume, kama vile Mwasile kafa asubuhi ile. Jioni watu walikula, na msiba ukaisha.

Mimi nilikuwa nimekimbilia nyuma ya nyumba. Aibu! Nimeumbuliwa mbele ya kijiji kizima, na mchumba wangu mwenyewe! Safari ya kurudi niligoma kumsemesha. Nilikaa nyuma ya pikapu nimemgeuzia mgongo, naye akanifuata hukohuko nyuma, mzee wa zaidi ya miaka sabini, akakaa juu ya gunia la ndizi.

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuoni Dar es Salaam, nilikikuta kitabu kilekile maktabani, kizima. Kurasa zile zilizofunga karanga zilikuwa zinasema wazi kwamba ni hadithi ya kutunga, kapteni tu ndiye aliyekuwa mtu wa kweli. Kumbe sote tuliamini kwamba jina la mtu wa kweli likiwa ndani, basi na mengine yote ni kweli. Nikatafuta na kumbukumbu za vita alizoziandika kapteni mwenyewe uzeeni. Ndoo anaikiri, Mungu ambariki. Moto anaueleza kwa nusu ukurasa: watia makaa waliufunga mlango upesi na meli ikapona. Majina hakuweka. Nilikaa na nusu ukurasa ule mpaka maktaba ikafungwa, nikimshukuru Mungu kwamba kuna mlima mmoja Ileje ambako majina yanajulikana.

Lakini ninachokishukuru zaidi ni lile gunia la ndizi. Pikapu inaruka mashimo, nimenuna, Babu akaniegemea sikioni ili asisikike na wa mbele.

"Mchumba, nilijua Mwasile hayumo kitabuni. Tangu jioni ile nilijua. Wale wakubwa hawakuwahi kutujua majina, wangeyaandikaje?"

Nikageuka. "Sasa kwa nini hukuninyamazisha palepale nyumbani?"

"Kwa sababu nilikuwa naupenda huo uongo wako. Nimeupenda siku kumi na mbili. Ulikuwa mzuri, wallahi." Pikapu ikaruka shimo jingine. "Halafu nikakuona umesimama pale na kitabu, unatetemeka. Nikakumbuka nilivyokuwa natetemeka mimi nilipomwambia dada yake sikuona. Mimi nimelala na neno lile miaka hamsini, Atupele. Nikasema, hapana. Huyu wangu alale."

Nilikuwa mtoto, nilikuwa bado na hasira zangu. Nililala begani kwake kabla hatujafika njia panda ya Mpemba.