Siku Minji Alipotoka Chini ya Kitanda

Jamani, nina aibu moja ambayo hata nikihama Nairobi itapanda gari pamoja na mizigo yangu, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa waimbaji wa jumuiya yetu ya sala, maana wale wakianza kutia chumvi hawajui kuacha.

Kazi yangu ni kuchapisha kadi za harusi na programu za mazishi kule River Road, lakini nyumbani, kwenye ploti ya vyumba vya kupanga nyuma ya Adams Arcade, mimi ni mtu wa njiwa. (Kwetu Bungoma kila boma lilikuwa na njiwa na hakuna aliyeshangaa, lakini hapa mwanaume asiye na mke akifuga njiwa watu wanamwombea.) Banda nililijenga kwa mbao kuukuu nyuma ya bafu, na liliishi kwa huruma ya mwenye ploti, bibi tunayemwita Shosho Wangari, ambaye pia ndiye mwenyekiti wa jumuiya. Sasa, siku njiwa wangu mmoja alipochafua kitambaa cheupe cha kanisa cha Shosho kikiwa kwenye kamba, mama wa watu alikuja akasimama mbele ya banda akaongea polepole, na Shosho akiongea polepole ujue mambo yamekwisha.

"Wafula, hawa waliopo wakae. Lakini nikiona kinda hapa, hata mmoja tu, hilo banda ni kuni za chai."

Nikasema ndiyo Shosho, na haki ya Mungu nilimaanisha. Kila yai nililoliona nililiondoa, isipokuwa moja ambalo nililishika likiwa bado lina joto, nikasimama nalo pale kama mjinga, kisha nikalirudisha. Likaanguliwa. Kinda alipoanza kuota manyoya paka wa jirani akamla mamake, babake akakwepa majukumu (hilo halikunishangaza, nimeishi ploti), na mlezi nikabaki mimi.

Jamaa anayeniuzia chakula cha ndege aliniambia niloweke minji, yaani njegere, nizitie kwenye chupa iliyokatwa shingo ili kinda aingize mdomo humo mwenyewe, kwa sababu kinda wa njiwa hadonoi chini kama kifaranga wa kuku, yeye huchokoa chakula ndani ya mdomo wa mzazi. Nikajaribu chupa, akagoma. Asubuhi hiyo nilikuwa nimechelewa, bosi ameshapiga simu, kinda analia, nikaona isiwe tabu, nikatia minji mdomoni mwangu mwenyewe nikainama. Lo! Alisukuma mdomo wake katikati ya midomo yangu, akala huku mabawa yanatetemeka kwa furaha, hadi kifua kikavimba. Hapo ndipo nilipojiharibia, kwa sababu tangu siku hiyo chupa hakutaka hata kuiona, na akiona mdomo wowote umefunguka anajua chakula kiko tayari.

Nikamwita Minji. Nilimpenda yule ndege, sitawaficha. Nilikuwa natoka kazini mbio nikifikiria kama amelala njaa, na sijawahi kumkimbilia mtu hivyo.

Basi ikafika zamu yangu ya kupokea jumuiya, Jumamosi mchana, viti vimepangwa uani mbele ya mlango wangu. Minji nikamficha kwenye katoni chini ya kitanda, nikamfunika na sweta. Kumlisha? Nilisema nitamlisha baada ya kuazima viti, halafu baada ya kuchemsha chai, halafu wageni wakaingia. Shosho akaketi mbele kabisa, akatupa jicho kule kwenye banda, akaridhika. Wimbo ukaanza.

Sasa fikirieni wenyewe, ndege mwenye njaa anasikia watu wazima wote wa ploti wamefungua midomo.

Nilikuwa nimesimama kusoma somo la kwanza niliposikia ile sauti, wiii, wiii, wiii, nikaongeza sauti yangu ili niifunike, na hilo lilikuwa kosa kwa sababu sauti yangu ndiyo aliyokuwa akiitafuta. Akatoka mlangoni anatembea na sweta imemng'ang'ania mguuni, akapita katikati ya viatu vya wanakwaya, akapapatika akapanda suruali yangu, akafika begani, akaanza kunichokoa midomo. Nikaifunga.

"Endelea kusoma, Wafula," Shosho akasema, polepole.

Nikaendelea, meno yamebanwa, naongea kama mtu aliyetoka kung'olewa jino, na kila nikifika kwenye neno lenye "a" Minji anajaribu kuingia. Kijana wa gitaa akaangua kicheko. Minji akaona hapa hapana riziki, akaruka (mara yake ya kwanza kuruka maishani, na nilijivunia hata katika hali ile), akatua kwenye mapaja ya Shosho. Naye Shosho kwa mshangao alikuwa ameachama.

Ndiyo. Mdomo wa ndege wangu uliingia ndani ya mdomo wa mwenye ploti wangu, mbele ya jumuiya nzima.

Nililiona banda likiwaka moto. Nikamwona Minji mtaani, hajui kula, paka wanamsubiri. Nikapiga magoti, si kwa sala, bali nimchukue Minji kabla Shosho hajamtupa.

Shosho akajifuta, akamshika Minji kwa mikono miwili, akampapasa kifua.

"Huyu amekula saa ngapi?"

"Jana jioni, Shosho."

"Jana! Mtoto analia njaa, na wewe unatusomea?" Akageukia wanawake. "Leteni hiyo githeri."

Akatia mdomoni kijiko cha githeri, yale mahindi na maharagwe niliyowapikia wageni, akaitafuna vizuri bila haraka, kisha akainama, Minji akala. Hakuna aliyecheka. "Mamangu alinilea hivi hivi," akasema, "na mimi nikalea wangu." Macho yake yalikuwa yamelowa, na yangu pia, nikasingizia moshi wa jiko.

Banda bado lipo. Nimeapa mbele ya Shosho kwamba sitaketi mezani kabla ya ndege wangu kula, na kwamba sitaficha tena mtoto chini ya kitanda. Lakini mjue kwamba huku kwetu mzazi huitwa kwa jina la mtoto, na Shosho alishaamua kuwa aliyelisha kwa mdomo si baba. Juzi nashuka pale Adams na wenzangu wa kazini, mara nasikia ng'ambo ya barabara sauti ninayoijua: "Mama Minji! Mtoto wako yuko kwangu, ashakula!"

Nami, na ndevu zangu zote, nikageuka nikaitika.