Mkunga Bado Yuko Kizimbani

Mke wangu hakuwahi kungoja amalize kitabu ndipo akisifu. Alikisifu akiwa katikati, wakati yeye mwenyewe hajui mambo yataishia wapi. Alisema ukishamaliza unakuwa mjuaji, na sifa za mjuaji hazimvuti mtu.

Jioni alisoma kimya, kwa Kiswahili, kama kilivyoandikwa. Kesho yake akina mama wa jirani walipokuja uani kwetu, hapa Ngulyati, kutusaidia kuchambua pamba, aliwasimulia kwa Kisukuma zile kurasa za jana. Mikono ilitenga pamba safi upande huu na fifi, ile yenye madoa na uchafu, upande ule. Masikio yalikuwa kwake. Akifika mahali pagumu alinyamaza, akakung'uta gauni, akasema, "Hapo ndipo nilipolala." Walimzomea, wakamwita mchoyo, na kesho wakarudi.

Mimi nilidhani ni ujanja wa kupata watu wa kuchambua. Nilimwambia hivyo, akanitazama akacheka.

"Kwani pamba haijachambuliwa?"

Kitabu chake cha mwisho alikipata mnadani, kwenye rundo la vitabu vilivyotumika. Hakikuwa na jalada wala kurasa za mwanzo, kwa hiyo hatukujua jina lake wala aliyekiandika. Kilihusu mkunga wa kisiwani aliyeshtakiwa kwamba ameiba mtoto aliyemzalisha kwa mikono yake. Msimu mzima wa pamba uani kwetu kulikuwa na kesi hiyo. Wapo waliosema ameiba, wapo waliosema anaonewa, na bibi mmoja jirani yetu, mzee kuliko wote, alimtetea kama binti yake. Siku ya mwisho mke wangu kusimulia, mkunga alikuwa amesimama kizimbani na hakimu anaingia kusoma hukumu. Hapo ndipo alipolala.

Kesho yake homa ilimlaza kweli. Tulimpeleka hospitali mjini Bariadi, na hakurudi. Mambo ya hospitali sitayasimulia. Nitasema moja tu. Aliniuliza, kwa sauti ndogo, "Wewe unadhani watamfunga?" Nikamjibu, "Watamwachia." Akasema, "Hujakisoma, unajuaje?" Nilinyoosha shuka lake.

Matanga yalipokwisha, ndugu waligawana nguo zake kama ilivyo desturi. Dada yake mkubwa, aliyeolewa Shishiyu, alichukua furushi la kanga. Sikulifungua. Nililifunga kwa kamba nyuma ya pikipiki, nikamsindikiza hadi barabarani.

Msimu mwingine ukafika. Nilivuna, nikajaza chumba cha mbele, nikawa nachambua peke yangu. Siku moja mchana akina mama wakaja bila kuitwa. Walitandika turubai wakakaa mahali pao pa siku zote, na pale alipokuwa akikaa yeye wakapaacha wazi. Walifanya kazi kimya mpaka nikaona afadhali wangelia.

Yule bibi ndiye aliyevunja ukimya. Yeye huniita mume wake, kwa utani wa bibi na mjukuu.

"Mume wangu, hukumu imesemaje?"

"Bibi, sijui. Mimi sikukisoma."

"Kisome, basi."

"Nina darasa la saba, bibi. Nasoma neno moja, napumzika, ndipo nasoma la pili."

"Mimi sina hata la kwanza," akasema. "Na tangu msimu uliopita nimesimama kizimbani na yule mwanamke. Miguu inaniuma mimi, siyo wewe."

Mwingine akadakia, "Asipokileta, tunachanganya fifi na safi. Akaaibike kwenye mzani."

Walicheka. Mimi pia nilicheka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu matanga. Halafu nikaingia ndani kukitafuta. Nilifungua sanduku lake, nikainua godoro, nikapapasa juu ya kabati. Nilipoinama kuchungulia nyuma ya ndoo ndipo nilipokumbuka. Alikuwa akikikunja ndani ya kanga, panya wasikitafune. Kilikuwa kimeondoka na furushi.

Nilimpigia simu shemeji yangu wa Shishiyu.

"Kipo," alisema.

"Kesho nakuja kukichukua."

"Njoo. Lakini hutakichukua."

Usiku huo niliamua kwenda hivyohivyo. Sikuwa na hasira naye. Lakini lile swali la hospitali lilikuwa limekaa kifuani mwangu mwaka mzima, na sikutaka kulijibu tena kwa kubahatisha. Nilitaka kusoma mimi mwenyewe, kwa macho yangu, nijue kama mkunga amefungwa au ameachiwa. Kulipopambazuka nilipanda basi hadi Maswa, kisha pikipiki hadi kwake.

Nilimkuta uani, naye anachambua pamba. Wanawe walikuwa wamekwenda kuchunga.

"Mwadila, shemeji," nikamsalimu.

"Mwadila." Alinitazama toka kichwani hadi miguuni. "Umekonda kama baiskeli. Unakula au unaitazama sufuria?"

"Nakula."

"Uongo hujaujua bado. Kaa, chambua. Kwangu mgeni hakai bure."

Nikakaa, nikavuta fungu la pamba. Kisha nikamwambia nilichokuja nacho, yote, pamoja na swali la hospitali. Hakunikatiza. Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na ile kanga ikiwa imekunjwa vilevile. Akaikunjua mapajani.

Ndani ya kitabu mlikuwa na uzi wa buluu, ule wa kushonea magunia. Niliufahamu. Nilimwona mke wangu akiukata kwa meno.

"Nimekisoma," alisema shemeji. "Mwanzo mpaka kwenye uzi. Nikifika hapo narudi mwanzo. Nimefanya hivyo sijui mara ngapi."

"Kwa nini huendelei?"

Alikuwa akitoa kipande cha jani kwenye pamba, polepole, ingawa kilikwisha kutoka.

"Mpaka hapa tumesoma sote wawili. Yeye alipita hapa, na mimi nimepita hapa. Nikifunua ukurasa unaofuata nitakuwa peke yangu. Nitakuwa nimemwacha."

Nilikuwa nimejiandaa kubishana naye. Nilikuwa na maneno tayari, kwamba kitabu ni cha nyumbani kwangu na watu wanakisubiri. Maneno hayo sikuyatumia. Nilimwambia, "Nipe nisome mimi. Kwa sauti. Tupite sote."

"Wewe?"

"Mimi."

"Tutafika hapo msimu ujao."

"Wewe si unayo pamba ya kuchambua?"

Akanipa. Nilishika kitabu kwa mikono miwili. Nilianza na mistari ya mwisho kabla ya uzi, ambayo yeye aliijua kwa moyo, akawa ananitangulia kwa midomo. Mahakama imejaa. Mkunga ameshika nguzo za kizimba. Watu wanasimama, hakimu anaingia. Kisha nikafunua ukurasa. Shemeji aliacha kuchambua.

Nilisoma kama ninavyosoma. Nilikwama kwenye neno moja, nikalirudia.

"Ka-ti-ka," akasema yeye.

"Nimeliona."

"Hukuliona, umeligonga."

Niliendelea. Hakimu aliketi. Hakimu akavaa miwani, akafungua jalada, akaomba maji. Hakimu akanywa. Nilikuwa natokwa jasho. Hakimu akasema kwamba, kwa kuwa shahidi mpya amecheleweshwa na boti, kesi imeahirishwa mpaka mwezi ujao.

Shemeji alisogea, akachungulia ukurasa.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Imeahirishwa.

"Imeahirishwa?" Alisimama na pamba yote ikamwagika kutoka mapajani. "Mwaka mzima nimekaa na uzi naogopa ukurasa mmoja, nao unasema imeahirishwa? Hakimu gani huyu!"

Akaanza kucheka. Alicheka hadi akakaa tena chini, na hapo chini kicheko kikageuka. Alilia sana, kanga usoni. Mimi nililia nikiwa nimeshika kitabu wazi, kidole kwenye mstari nisije nikapoteza mahali. Tulipotulia alifuta uso, akasema mke wangu angetukana.

"Angesema, 'Hapo ndipo nilipolala,'" nilisema.

"Angetukana kwanza."

Nilimsomea kurasa nyingine mpaka jua likaanza kushuka, na pamba yake ikasonga mbele. Wakati wa kuondoka hakuna aliyetaja kitabu. Mwishowe alikitia mwenyewe mkononi mwangu.

"Kanga inabaki," alisema.

"Ibaki."

"Na uzi usiuondoe. Uache palepale alipouweka. Wewe tafuta alama yako."

"Sawa."

"Na jioni unipigie. Usiniambie mwisho. Niambie ulipolala."

Nilichukua unyuzi wa pamba safi kwenye fungu lake, nikausokota kwa vidole, nikauweka nilipofikia. Kitabu sasa kina alama mbili.

Siku iliyofuata akina mama walikaa uani kwangu. Nilisimama mbele yao, kwa kuwa nikikaa sauti inanikimbia. Nilisoma mstari kwa Kiswahili, kisha nikausema kwa Kisukuma, kisha mstari mwingine. Walinivumilia mpaka kwenye miwani na maji. Nilipofika kwenye kuahirishwa, yule bibi aliokota bonge la fifi akanitupia kifuani.

"Umekwenda hadi Shishiyu kutuletea tarehe nyingine? Mume gani wewe!"

"Bibi, ndivyo kilivyoandikwa."

"Soma basi, tuone hiyo tarehe!"

"Hapo ndipo nilipolala," nikasema.

Walinizomea. Walinizomea kwa nguvu, na mmoja akasema, "Kumbe uchoyo ni wa nyumba hii." Niliyapokea yale matusi kwa furaha, nikaketi, nikavuta fungu langu. Sehemu ya mke wangu kwenye turubai bado ilikuwa wazi. Sikukaa hapo. Nilikaa kando yake.

Bado nakisoma. Kurasa zangu ni chache kwa siku, na siku nyingine ni moja, kwa kuwa neno likinigomea siliruki. Mkunga amerudishwa rumande. Shahidi wa botini amefika, lakini sijamwamini, na shemeji hamwamini pia. Kurasa zilizobaki ni chache kuliko zilizopita, na nitazifikia zote, hata nikigonga kila neno.

Ukikutana mnadani na kitabu kisicho na jalada, kinachoanzia pale mkunga anaposhuka kwenye boti na kikapu kichwani, kinunue. Ni kizuri. Kinaishaje sijui. Kama wewe umeshakimaliza, usiniambie.