Lin, Usifunge Sanduku

Kuna siku moja hainitoki kichwani, mwanangu Lin. Nakusimulia kwa sababu jana uliniambia unataka kurudi kwenu China, na mwaka mmoja tu umebaki umalize chuo. Darasani ukikaa wanahama benchi. Sokoni wanakuita majina ya kipumbavu, mpaka umeacha kwenda kununua hata ndizi. Umepanga kwangu hapa Kibeta, Bukoba, kwa hiyo yote nayaona. Mimi shule niliishia darasa la tatu, ila hili nalijua, maana niliwahi kuwa kama hao.

Nilikuwa kijana, nabeba magunia ya kahawa kule Kanazi. Mwenzetu mmoja, Karim, alikuwa mtoto wa Wahindi wenye duka mjini, mzaliwa wa Bukoba kama mimi. Sasa, kwetu ukigawa kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa, humruki mtu, hata awe mgeni usiyemjua. Mimi nikazungusha kisahani, nikampa wa kulia kwake, nikampa wa kushoto, yeye nikamruka. Watu wakacheka. Nikajiona mwanaume.

Karim hakuondoka. Alinyoosha mkono. "Byabato, umenisahau. Naitwa Karim."

"Yako iko dukani kwenu," nikamjibu.

Msimamizi wetu, Ta Kaiza, hakucheka. "Wewe, nani alikufundisha kumruka mtu? Mama yako? Nipite kwake leo nimuulize?"

Waitu, nililowa kwa aibu. Nikampa Karim kahawa yake.

Sisemi nilipona siku hiyo. Nilimsumbua tena, akanishtaki, nikasimamishwa kazi wiki nzima. Lakini kila asubuhi alikuja akakaa palepale katikati yetu, na taratibu wenzangu wakaanza kumtafuta asipoonekana. Mwishowe ndiye aliyenifundisha kusoma mizani. Biashara yangu yote, na chumba unacholala, vimeanzia hapo.

Kwa hiyo, mwanangu, kosa ni la wanaokutukana, usilibebe wewe. Ukitaka kulia, lia. Mpigie mama yako simu. Ila usijifungie ndani. Kaa kwenye benchi lako, taja jina lako. Koku, yule mwenzako anayekuja kusoma nawe hapa, mwambie yote. Anayezidi ashtakiwe, Jumatatu tunakwenda wote kwa mkuu wa chuo, na mimi kunong'ona sijui. Wapo watakaobaki wajinga, waache. Wengine watabadilika. Mimi nilikuwa mgumu kuliko hao.

Mungu akutie nguvu, akulinde njiani na darasani, na siku utakayovaa joho mama yako awe hapa Bukoba, tumpokee.