Siku Niliyosali Kimarekani Uani kwa Mzee Odera

Mimi sipendi kuisimulia habari hii, na ningeenda nayo kaburini kama si kwamba kila nikiingia mahali palipo na watu waliofanya kazi Kericho lazima mmoja wao ainamishe kichwa, afumbe macho na kuninyamazia kwa makusudi huku wenzake wakijikaza wasicheke. Basi afadhali muisikie kwangu kuliko kwa Barnaba seremala, maana yeye hutia chumvi (na mtaona wenyewe kwamba Barnaba hana haki ya kumcheka mtu yeyote chini ya jua). Niliaibika mbele ya kambi nzima ya wachuma chai, mbele ya mzungu wa shamba, na mbele ya msichana niliyekuwa karibu kumwoa, na kilichoniponza si pombe wala wanawake, ni elimu. Tena elimu ya chuo.

Ilikuwa mwanzo wa miaka ya thelathini, chai ya Kericho bado ni mimea michanga na misitu inaangushwa kila kukicha, nami nilikuwa karani wa mizani, yaani yule anayepima majani wanayoleta wachumaji, kazi niliyoiona kubwa mno kwa sababu niliifanya nikiwa nimevaa viatu. Nyapara mkuu wa shamba alikuwa Mzee Odera, mtu wa kwetu kandokando ya ziwa, na Mzee Odera alikuwa na binti, Peresi, na mimi kwa Peresi nilikuwa nimekwisha. Nilikuwa nimekwishampelekea baba yake fahali mmoja wa kuanzia, mwekundu mwenye paji jeupe, aliyefungwa nyuma ya nyumba yake kwa ruhusa ya bwana shamba, yule mzungu mwenye shamba. Kilichobaki ni neno la mzee mwenyewe, na neno lenyewe alilibania.

"Zablon," aliniambia, "mimi siozi binti kwa mtu wa mizani. Mizani hata punda anaweza kuangalia. Tafuta masomo ya juu. Ukimaliza, siku hiyo hiyo naita wazee, tunataja siku ya harusi."

Masomo ya juu basi. Nikavuka vilima hadi upande wa Sotik, palipokuwa na misheni ya Mmarekani mmoja aliyekuwa na chuo (alikiita chuo, kilikuwa chumba cha udongo chenye madirisha mawili), nikaomba kufundishwa hesabu za ofisini. Hapakuwa na hesabu za ofisini. Kulikuwa na somo moja tu, lile alilolisoma yeye mwenyewe kwao na ambalo vitabu vyake alivibeba kutoka ng'ambo katika sanduku la bati, nalo lilikuwa dini katika maisha ya watu wa Amerika. Nawaambia ukweli, hakuna hata mmoja wetu mle ndani aliyejua jirani zetu Wakipsigis, ambao tulikuwa tumekalia ardhi yao, wanamwambia nini Asis, Mungu wao, jua linapochomoza, lakini kila Jumamosi tulikariri kwa nini kanisa fulani la Amerika liligombana na kanisa lingine kuhusu kuzamisha mtu mtoni au kumnyunyizia maji, na tukatikisa vichwa kwa huzuni kama vile ugomvi wenyewe ulitokea kwa shangazi yetu. Mwalimu tulimwita Bwana Sikilizeni, kwa kuwa hakuweza kusema lolote, hata kuomba maji, bila kutanguliza "sikilizeni". Alikuwa mtu mwema. Alikuwa pia mtu asiyejua yuko wapi.

Nami nikavimba kichwa. Jioni kwenye kambi nilikuwa nawaambia watu waliochoka, wenye vidole vyeusi kwa utomvu wa chai, "Amerika, kila mtu hujichagulia dini yake kama anavyochagua kofia," nao walinitazama wakaendelea kukoroga uji. Niliwaona wajinga. Mungu anisamehe, niliwaona wajinga mimi.

Karibu na mwisho wa somo Bwana Sikilizeni akatupigia kura ya kugawana makanisa. Kila mwanafunzi apate kanisa moja la Amerika, aende akasali kwa namna yao nyumbani kwake pamoja na wenzake wachache, kisha aje aeleze alichokiona. Na huo ndio ungekuwa mtihani wetu. Mwenzangu mmoja alipata wale wanaopiga kelele na kutetemeka. Mimi nikapata wale wanaokaa kimya. Hawaimbi, hawahubiri, hawana mchungaji, wanakaa tu kwenye mabenchi wakiwa wameinama mpaka Roho amsukume mtu aseme, na asiposukumwa mtu wanakwenda zao. Zamani, mwalimu alisema, walipigwa mawe na kutukanwa wakiwa katika kimya chao na hawakujibu neno. Hilo la kutojibu nililipenda sana, likanikaa kichwani.

Sasa sikieni ujinga wenyewe unapoanzia. Ningeweza kukaa kimya chumbani kwangu. Mwalimu hakusema twende kwa watu. Lakini chumba changu kilikuwa kidogo, nami nilitaka Peresi anione nikiwa msomi, na Mzee Odera alikuwa na ua mpana na mabenchi mazuri aliyochongewa na Barnaba. Mzee mwenyewe hakuwepo. Jino lilikuwa limemsumbua wiki nzima, uso umevimba, kambi yote inamwonea huruma, na Ijumaa akapanda lori la shamba kwenda Kericho kung'olewa. Nikajiambia, akirudi Jumamosi jioni atakuta ua wake umetakaswa kwa ibada ya wasomi, na kesho yake ataita wazee.

Jumamosi hiyo hapakuwa na darasa, na kazi ilipokwisha, nikawaketisha Barnaba na wachumaji wawili niliowaahidi chai yenye sukari, nikawapa sheria: vueni kofia, inameni, mtu asiseme lolote mpaka Roho amsukume.

"Na asiponisukuma?" akauliza Barnaba.

"Basi nyamaza."

"Hiyo ni kazi rahisi," akasema, na mara moja akalala usingizi.

Basi tukakaa. Wanaume wanne, vichwa wazi, wameinama kwenye mabenchi ya mgonjwa ambaye hayupo, mchana kweupe, bila kusemezana. Moshi wa jikoni ukageukia upande wetu, macho yakaanza kututoka machozi, na mimi badala ya kusogeza benchi nikaona machozi yanapendeza ibada.

Akapita Mama Akinyi, jirani, na kikapu cha mboga. Akasimama. "Zablon, kuna nini hapa?"

Nikanyamaza.

"Kuna habari gani?" Sauti ikashuka. "Habari ya Mzee?"

Nikakumbuka wale wa Amerika na mawe yao. Nikainamisha kichwa zaidi, polepole, kwa heshima, na chozi la moshi likadondoka kwenye kiatu changu.

Mama Akinyi alitupa kikapu, akaweka mikono kichwani, akapiga nduru ambayo naisikia mpaka leo. Na ninyi mnaotoka kwetu mnajua kwamba nduru ya namna ile haipigwi na mtu mmoja. Nyumba ya pili ikaidaka, ikapokewa na ya tatu, ikateremka hadi laini za chini, zile safu za nyumba za wachumaji karibu na mto, wanawake wakaanza kuja mbio wakilitaja jina la Odera na matendo yake yote mema (mengi yalikuwa ya uongo, alikuwa nyapara). Hata hapo ningeweza kusimama niseme neno moja. Lakini nilijiambia, hili ndilo jaribu lenyewe, Zablon, usilegee, na nikayafumba macho. Jamani, niliyafumba.

Niliyafumbua niliposikia chungu kikivunjika miguuni pangu. Peresi alikuwa amekuja mbio kutoka kisimani, maji yamemlowesha, ameushika ukosi wa shati langu. "Baba amefia wapi?"

"Hajafa!" nikasema. "Tulikuwa tunasali! Hajafa, ameenda kung'oa jino!"

Wamama wakanitazama kwa huruma. "Maskini," akasema mmoja, "uchungu umempanda kichwani." Wakamvuta Peresi, wakampakata. Nami kadiri nilivyopiga kelele kwamba mzee ni mzima, ndivyo wanaume wawili wenye nguvu walivyonishika mabega na kunikalisha chini kwa upole, wakinipepea kwa kofia, wakiniambia nilie tu, kulia si aibu. Wale wachumaji wangu wawili walikuwa wamekwishatoroka kwa nduru ya kwanza. Barnaba akaamka katikati ya vilio. Barnaba, aliyejua kabisa tulichokuwa tunafanya pale, alitazama huku na huku akaona watu wanalia, naye akaanza kulia. Nilipomuuliza baadaye alinijibu, "Sasa mimi ningebishana na watu wote hao?"

Bwana shamba akaja juu ya farasi kuona kelele ni za nini. Akavua kofia. "Odera nakufa? Pole sana. Yeye mutu muzuri." Akafikiri kidogo. "Jumatatu nani nasimamia kazi?" Kisha akaamuru mbao zitolewe stoo, na Barnaba, mashavu bado yana machozi, akanijia na kamba ya kupimia akaniuliza kama mzee alikuwa ananizidi urefu au tulikuwa sawa.

Lakini aliyenimaliza ni Owiti, ndugu yake Mzee Odera. Owiti huyu, tangu nimjue, hajawahi kumletea kaka yake hata ugoro wa kunusa, ila siku zote alikuwa akipita nyuma ya nyumba akimpapasa yule fahali mgongoni. Akasimama, akasema kwa uchungu mkubwa kwamba wageni hawawezi kulia na njaa na kwamba kaka yake hakuwa mtu mchoyo. Nilisikia fahali wangu akilia mara moja tu. Nikapiga makelele, wakanipepea zaidi.

Baadaye tulisikia kwamba kule barabarani, lori lilipomshusha Mzee Odera, alikutana na arap Rono, muuza maziwa, aliyekuwa ametoka kambini kwetu muda mfupi tu. Rono alimtazama kwa mbali akasema, "Mzee, wewe umekufa tangu mchana, mbona unatembea?" Kisha akajitenga kando ya njia, maana hakutaka shauri na wafu.

Sisi tulimwona akitokea kwenye kona, jua liko nyuma yake. Uso umevimba, taya imefungwa kwa kitambaa cheupe mpaka utosini, fundo juu. Na kwetu maiti hufungwa taya vivyo hivyo. Mdomo ulikuwa umejaa pamba, kwa hiyo hakusema kitu, alikuja tu. Hamjaona watu wakikimbia. Wamama waliokuwa wanajigaragaza kwa huzuni walipita juu ya michai kama swala, Mama Akinyi mbele yao, na wale wanaume wawili wenye nguvu waliniangusha kwenye majivu. Farasi wa bwana shamba alikwenda alikotaka mwenyewe.

Waliobaki ni wale ambao miguu ilikataa. Mzee akasimama katikati ya ua wake. Akazitazama mbao. Akaitazama ngozi nyekundu imetandazwa nyasini, paji jeupe juu, na vyungu vinavyochemka. Akaichomoa pamba, akatema damu.

"Nani amekufa?"

Hapo ndipo kimya cha Kimarekani kilipopatikana, kile nilichokitafuta mchana kutwa. Owiti, nyama mkononi, akaninyooshea kidole kwa mkono ule ule wenye nyama.

Nikaeleza. Nilieleza vibaya, nikaanzia Amerika, nikapitia kura, mabenchi, Roho na wale waliopigwa mawe. Mzee alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo walikuuliza kama nimekufa, ukanyamaza."

"Ndiyo mzee, kwa sababu dini ile..."

"Walikuuliza, ukanyamaza." Akageuka akaielekea ngozi. "Huyu ni fahali uliyeniletea?"

"Ndiye, mzee."

"Basi mahari yako imeliwa kwenye matanga yangu. Watu wamelia, wamekula, Bwana ametoa mbao. Mimi siwezi kupinga mambo makubwa hivyo. Nimekufa. Na maiti haozi binti."

Nikamtazama Peresi. Nilidhani atacheka, au atamsihi baba yake, au hata anitukane, ningefurahi. Alikuwa amesimama pale palipovunjikia chungu. Akaniambia taratibu, "Nilipofika nikilia ulikuwa umefumba macho." Akaingia ndani. Moyo uliniuma kama jino, na lile halikuwa jino la kwenda kung'olewa Kericho.

Wiki iliyofuata nilikwenda chuoni kwa kuwa sikujua pa kwenda, nikamweleza Bwana Sikilizeni yote. Alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. Akasema, sikilizeni, hata huko kwetu hakuna aliyeweza kunyamaza namna hiyo, na akanipa alama za juu kuliko wote. Nilitoka nje ya kile chumba cha udongo na sikurudi tena. Peresi aliozwa baadaye kwa karani wa reli wa Kisumu, mtu ambaye hajasoma dini ya nchi yoyote, na nasikia wanaelewana vizuri.

Kwa hiyo nimeapa. Mtu akiniuliza jambo, namjibu kabla hajamaliza, na kama silijui namjibu vilevile. Najua mnasema kuwa Zablon ana mdomo, Zablon hanyamazi hata kanisani. Ni kweli, semeni. Katika maisha yangu nilinyamaza siku moja tu, na siku hiyo ndiyo niliyomkosa Peresi.