Shefu Aliyechorwa Mgongo

Miaka ile kazi zilipokufa Likasi, jirani yangu Mukalayi, fundi wa kuchomelea, alikuwa akichora hadithi kwenye daftari: wafu wamefufuka na njaa yao, walio hai wamejificha nyuma ya ukuta, na shefu wao, yaani mkubwa wao, ni katili kuliko wafu wenyewe. Daftari lilizunguka mtaa mzima. Mimi, mtunza ufunguo wa bomba letu la maji, nililipata wa mwisho, asubuhi, palepale bombani.

Nikakalia beseni la Mama Ngoie, aliyekuja kuteka maji, nikasoma kwa sauti. Kumbe shefu huyo hafungulii watu maji mpaka wamwamkie!

“Mukalayi, huyu shefu iko mubaya sana! Ulimuonaka wapi?”

“Hapa hapa, papa. Endelea kusoma,” akajibu Mukalayi, ndoo mkononi.

Watu wakacheka, nami nikawazidi. Nilitamani kuiona sura yake, maana kila mchoro ulionyesha mgongo tu. Nikafunua ukurasa wa mwisho. Shefu amegeuka: ufunguo shingoni, amekalia beseni, anasoma daftari, na mbele yake foleni ya ndoo tupu.

Nikainua macho. Ndoo zote zilikuwa tupu.

“Papa, weye maliza tu kusoma,” akasema Mama Ngoie. “Siye tulishazoea.”