Mama Pacha alikosea jozi 27, akashika simu kuwaambia wazazi

Saa mbili kasorobo asubuhi, Mama Pacha amepiga magoti kwenye korido, anamfunga mtoto wa miaka sita uzi wa bluu mkononi. Pacha wake tayari amefungwa wa njano.

"Usiufungue mpaka niseme," anamwambia. "Na msibadilishane. Wakubwa zenu walijaribu, nikawakamata wote."

Bluu anacheka. Njano anaficha mkono nyuma ya mgongo, kama aliyekwisha kufikiria jambo hilo.

Saa ya ukutani inafika mbili kamili. Milango miwili inafungwa kwa pamoja. Bluu yuko chumba cha kushoto na Mama Pacha, Njano yuko cha kulia na msaidizi wake, mwalimu mstaafu wa chekechea. Picha zilezile, maswali yaleyale, dakika zilezile.

Kwa miaka kumi na tisa hakuna pacha aliyepimwa hapa bila mwenzake kupimwa wakati huohuo. "Nikimpima mmoja leo na mwingine kesho, watakuwa wameshapeana majibu kabla ya chakula cha jioni," anasema.

Mama Pacha ni mwanasaikolojia wa chuo, ana miaka hamsini na miwili. Vyumba vyake viwili vilikuwa stoo ya viti vibovu. Mpaka leo kiti kimoja kimebaki, na hukikalia yeye. Daftari lake la utafiti lina jozi 214 za pacha, na jina lake la utani alipewa na wazazi wao.

Je, yeye mwenyewe ni pacha? Swali hilo amelizoea. "Niliingia tumboni peke yangu, nikatoka peke yangu. Pole kwa kuwakatisha tamaa."

Anachotafuta ni kile ambacho kila mzazi amewahi kujiuliza: mtoto kazaliwa na nini, na kipi kakiokota njiani? Pacha wa yai moja wamerithi kitu kilekile. Wa mayai mawili ni kama ndugu wengine wowote, ila hawa walipanga chumba kimoja kwa miezi tisa. Ukiona wa yai moja wanafanana zaidi katika jambo fulani kuliko wa mayai mawili, ujue urithi una mkono wake hapo.

Lakini lazima kwanza ujue nani ni wa yai moja na nani ni wa mawili. Hapo ndipo alipoteleza.

Alipoanza, hakuwa na maabara. Alikuwa na fomu. Swali la tisa lilimuuliza mama mzazi: mkunga alikwambia kondo la nyuma lilikuwa moja au mawili? Mama akijibu mawili, Mama Pacha alijaza "mayai mawili" na kufunga faili.

Kanuni hiyo si sahihi. Karibu theluthi moja ya pacha wa yai moja nao huwa na makondo mawili. "Niliitoa kwenye madaftari yangu ya chuo na sikuihakiki," anasema. "Kuna watoto macho yangu yaliniambia hawa ni kitu kimoja. Karatasi ikakataa. Nikaamini karatasi."

Miaka miwili iliyopita alipata nafasi ya kupima vinasaba (DNA) kwenye mate ya pacha wote maabara. Majibu yalirudi: jozi 27 alikuwa ameziweka kundi lisilo lao. Na alikuwa ameshachapisha makala mbili.

Mwenzake wa ofisi ya jirani alimshauri anyamaze. Ishirini na saba kati ya mia mbili na kumi na nne, nani atashtuka?

"Nikamwambia watashtuka watoto wenyewe. Wanakua, na wanajua kusoma."

Akaliandikia jarida kuomba masahihisho. Kisha akachukua simu na kuanza kupigia familia, moja baada ya nyingine. Mama mmoja alimuuliza kama shahada yake aliiokota sokoni. Familia tano zilijitoa. Ishirini na moja zilikuja, zikajaza fomu upya, zikabaki.

Ilisalia moja, ile aliyoiogopa kuliko zote.

Ni wasichana wa miaka kumi na saba, walioandikwa mayai mawili kumbe ni wa yai moja. Kama wale wadogo wa asubuhi, nao hapa ofisini wanaitwa kwa rangi za nyuzi zao tangu wakiwa na miaka mitatu. Njano anazungumza kama redio. Bluu ana kigugumizi. Katika daftari lote kuna jozi tatu tu za yai moja ambazo mmoja ana kigugumizi na mwenzake hana. Urithi ni uleule, kwa hiyo tofauti imetoka kwingine. Wapi? Mama Pacha bado hajui, na hilo ndilo swali analotaka kulifanyia kazi miaka iliyobaki kabla ya kustaafu. Bluu akijitoa, zinabaki jozi mbili.

Jumamosi moja alikwenda kwao mwenyewe. Mama mtu alikuwa anapiga pasi sare za shule sebuleni, baba amekaa na gazeti. Mgeni alieleza kosa lake bila kuzunguka.

Baba akashusha gazeti. "Subiri kwanza. Unasema hawa wamerithi sawasawa?"

"Sawasawa kabisa."

"Umesikia, mama watoto? Miaka kumi na minne naambiwa mtoto kachukua kigugumizi cha ukoo wangu! Ukoo mzima umebebeshwa kesi!"

"Hebu usianze," mkewe akajibu, akigeuza kola. "Hajasema kimetoka kwetu."

"Sijui kimetoka wapi," Mama Pacha akasema. "Ndiyo maana nimekuja."

Wote walicheka, isipokuwa Bluu. Alikuwa amesimama mlangoni.

"Shangazi, m-mimi siji tena," akamwambia Mama Pacha. "Kila nikija pale ni mimi na yeye. Yeye kasema maneno mangapi, m-mimi mangapi. Nimechoka kuwa ile nusu iliyoharibika."

Dada yake akaruka. "Nani kasema umeharibika? Hesabu zangu zote si unanifanyia wewe?"

"Nyamaza, sizungumzi na wewe."

Pasi ilitulia. Mama Pacha anakiri kwamba alikuwa na hotuba tayari kuhusu umuhimu wa sayansi. Hakuitoa.

"Basi njoo peke yako," akasema. "Siku yako, saa yako. Mwenzako atakuja siku nyingine. Usipokuja, sitakusumbua tena."

Msaidizi wake alipopata habari alishika kiuno. "Na saa ya ukutani? Umevunja sheria yako mwenyewe!"

"Nimeivunja. Na nitaandika kwenye fomu kwamba nimeivunja, na kwa nini."

Siku aliyoichagua Bluu ni leo, saa nne. Wale watoto wa asubuhi wameshaondoka. Saa nne inafika, inapita. Mama Pacha anapanga penseli ambazo zilikwisha kupangwa. Saa nne na dakika kumi na mbili, mlango unagongwa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Ingia."

Kwa mazoea anafungua kopo la nyuzi na kutoa wa bluu. Msichana anautazama, mikono mfukoni.

"Leo utanichanganya na nani?"

Mama Pacha anacheka kwa sauti, anaurudisha uzi koponi, anawasha kinasa sauti. Zamani kila pacha alipewa dakika ishirini. Leo mazungumzo yanachukua dakika arobaini na moja: mtihani, viatu, mwalimu asiyependwa, kazi ya ufundi umeme anayotaka kuisomea. Hakuna anayehesabu maneno ya mwingine.

Kuanzia mwakani kila pacha aliyefikisha miaka kumi na sita atakuwa na siku moja ya kuja peke yake, mbali na ile ya wawili. Fomu mpya iko mezani tayari. Swali la tisa limefutwa, na pale lilipokuwa pameachwa nafasi tupu ya mistari sita, pacha aandike mwenyewe anachotaka.

Bluu anaijaza mistari yote, anainuka, kisha anasimama mlangoni.

"Zamu yangu nyingine lini?"

"Mwezi wa sita."

Anahesabu kwa vidole.

"M-mbali sana hiyo, shangazi."

Mama Pacha anavuta kalenda.