Ndugu Asiye na Jina Aliyetokea Kwenye Laptopu

Wakuu, ndoa yangu nusura ivunjwe na ndugu ambaye hajawahi kuzaliwa. Na mimi ndiye niliyemtengeneza.

Naitwa Isakwisa, kijana wa Mbeya. Nilikuwa nimetunga lugha yangu ya kompyuta. Humo kila kitu ni seti, yaani kundi. Namba ni kundi. Neno ni kundi. Hata kosa ni kundi la makosa.

Rafiki yangu Jofrey aliiangalia, akaniuliza, "Oya, lugha zilizopo zimekukosea nini?"

Nikamwona mshamba.

Sasa, mchumba wangu Lea ni Mhehe wa Iringa. Baba yake, mzee Kalinga, akasikia bibi yangu mzaa baba alitokea Kilolo, huko huko Uheheni. Akagoma. "Hakuna harusi mpaka tujue hamna undugu."

Nikajitutumua. "Baba, lugha yangu itajibu sasa hivi."

Siku ikafika, koo zote mbili zimejaa sebuleni kwao. Wazee wanataja majina ya ukoo, mimi naandika. Kundi la kwao, kundi la kwetu. Nikaiamuru itoe waliomo pande zote mbili.

Ikajibu: mmoja. Chini yake mabano mawili, katikati hamna kitu.

"Mmoja!" Mzee Kalinga akavua miwani. "Nani huyo?"

"Hana jina, baba."

Wakuu, hapo ndipo nilipoharibu.

Yusta, shangazi yake Lea, akapiga makofi. "Nilijua! Kuna babu mdogo alikwenda Chunya kuchimba dhahabu, hakurudi!"

Baba yangu mdogo, Lusekelo, badala ya kunyamaza, akadakia: "Nkamu, ndugu yangu, hata sisi tuna wetu alipotelea Chunya!"

Lea akaanza kulia. Mimi jasho linanitoka, na baridi yote ile ya Iringa.

Ndipo nikaliona kosa. Wakati natunga ile lugha, niliweka kundi tupu, yale mabano mawili, ndani ya kila kundi, nikidhani ndivyo hesabu inavyotaka. Ni sawa na kuweka ndoo tupu ndani ya kila ndoo, halafu ushangae mbona zote zina kitu. Nikafuta mstari mmoja, nikaiendesha upya. Safi, hakuna mtu.

Mzee akasimama. "Umemfuta ndugu yetu mbele ya macho yetu?"

Kimenuka.

Mama yake Lea akaniuliza, "Mwanangu, mwiko wa bibi yako ulikuwa nini?" Kwa Wahehe, kila ukoo una chakula usichokula.

"Alikuwa hali figo, mama."

"Sisi figo tunagombania. Hawa si ndugu."

Vigelegele!

"Sasa mbona hamkuuliza tangu asubuhi?" nikalalamika.

"Tulikuwa tunaangalia kompyuta," mzee akajibu.

Harusi ikafanyika Mbeya. Ukumbini, baba mdogo akanyakua maiki. "Ndugu yetu wa Chunya, wa pande zote mbili, kama upo simama!"

Akasimama jamaa mwenye koti la kahawia.

Akapelekwa meza kuu. Akalishwa keki. Akatoa nasaha za ndoa, watu wakafuta machozi. Kina Lea walijua ni wa kwetu, sisi tukajua ni wa kwao. Akaondoka na paja la mbuzi.

Mpaka leo hakuna anayemjua, ingawa shangazi Yusta anaapa kwamba pua ni ya ukoo.

Funzo, wenzangu mnaotunga lugha: pasipo na kitu, pasiwe na kitu kweli. Mkiacha nafasi wazi, watu wataitafutia mwenyewe, na mwenyewe atakuja kula.